Unataka mlinzi au unataka kesi?

Mwenyekiti wetu wa mtaa, wajumbe, wazee wangu, kina mama, vijana wa kijiweni na nyie wadogo mliokaa kwenye mkeka huku mbele, wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Nashukuru mmekuja wengi, maana nilidhani mtu akisikia kikao cha mbwa atasema hayo mambo ya wazungu akabaki kwake kuangalia tamthilia. Huyu aliyelala chini ya meza anaitwa Bosi, msimuogope ila msimuite pia, mwacheni alale, ntamhitaji baadaye kidogo.

Mwenyekiti aliniomba niongee juu ya mbwa wakorofi na hawa watoto wa mbwa ambao saivi kila nyumba inanunua, nikakubali kwa sababu mtaa huu naujua, fensi ikishaisha kujengwa kinachofuata ni geti na baada ya geti ni mbwa, na huyo mbwa analetwa kwenye boksi la biskuti akiwa bado ananyonya, anatupiwa kwenye banda la bati nyuma ya choo, mwaka ukigeuka tunasikia kamng'ata mtu. Na ukiangalia anayeng'atwa ni nani hapo ndo unachoka. Siyo mwizi. Ni dada wa kazi aliyepeleka chakula, ni mtoto wa jirani aliyefuata mpira, ni yule kijana wa kusoma mita, ni bibi aliyekuja kusalimia kutoka Tanga hajui kama humo ndani kuna mbwa. Mwizi mwenyewe wala hana presha, anarusha kipande cha nyama chenye sumu saa nane usiku na mbwa wako mkali kuliko wote mtaani anakidaka hewani maana hajala tangu jana, asubuhi unamzika na tv haipo.

Kwa hiyo nilichokuja kusema ni hiki, mbwa anayeogopa watu siyo mlinzi, ni hatari uliyoifuga mwenyewe na kuinunulia chakula. Mengine yote ntakayosema yanatoka hapo.

Kuna hii imani kwamba ili mbwa awe mkali lazima asione watu. Afungwe mchana kutwa, atolewe saa nne usiku, asishikwe na yeyote zaidi ya mwenye nyumba, wengine wanamchanganyia pilipili kwenye uji, wengine wanasema bangi, na nimeshakuta mtu kabisa anamchokoza mbwa kwa fimbo akiwa kwenye banda huku kajifunika uso eti ili mbwa achukie wageni. Kinachotoka hapo ni mnyama mwoga kupita kiasi, na mbwa mwoga akikosa pa kukimbilia anauma, huo ndo ukali wenyewe mnaousifia. Mwangalie vizuri siku moja pale getini, anabweka kama kapagawa lakini mkia umeingia katikati ya miguu, masikio yamelala nyuma, mdomo unaenda mbele huku mwili mzima unarudi nyuma. Huyo hamlindi mtu, anajihami yeye, na siku geti likisahaulika wazi hachagui.

Mlinzi wa kweli ni yule anayejua mambo ya kawaida ya nyumba na mtaa, muuza mkaa anapita saa ngapi, watoto wanarudi saa ngapi, adhana inasikikaje, ili kisicho cha kawaida kikitokea akijue. Mbwa ambaye kila kitu kwake ni kigeni anabweka mpaka embe likidondoka, mwisho we mwenyewe humsikilizi tena, siku mwizi kaja kweli unajigeuza kitandani unasema aah huyo ndo zake.

Sasa tuje kwa watoto wa mbwa maana huku ndo kazi ilipo, ukiwahi hapa yale ya ukubwani mengi hutayaona. Mtoto wa mbwa ana kipindi kifupi sana ambacho akili yake iko wazi kupokea dunia, kinaanza akiwa na wiki kama 3 na kinaanza kufunga kati ya wiki ya 12 na ya 14. Alichokiona humo ndani kwa amani anakihesabu ni sehemu ya maisha. Asichokiona anakuja kukikuta baadaye akiwa keshaanza kushuku. Anaweza kujifunza akiwa mkubwa ndio, ila hapo unapanda mlima, wakati mwanzoni ulikuwa unashuka tu.

Na hapohapo kuna kitu kingine, asiondolewe kwa mama yake kabla ya wiki 8. Pale barabarani mnauziwa wa wiki 4, wa wiki 5, mnaambiwa huyu kashaanza kula ugali. Kula ugali siyo tatizo, tatizo ni kwamba zile wiki za mwisho anakaa na ndugu zake wanang'atana, akimng'ata mwenzie kwa nguvu mwenzie analia na mchezo unakatika, mama naye anamkaripia, ndo anajifunza meno yake yana nguvu kiasi gani. Uliyemchukua kabla ya hapo hilo somo hajalipata, utalifundisha wewe kwa mikono yako na suruali za watoto wako. Ukienda kununua omba umuone mama. Mama akikurukia kwa hasira au akijificha ukaambiwa yuko shamba, we aga kwa heshima uondoke, maana woga unarithiwa pia na watoto wanamwangalia mama anavyofanya.

Hapa daktari wetu wa mifugo aliyekaa pale atanikatiza kwa hiyo niwahi mwenyewe. Chanjo. Mtoto wa mbwa anaanza chanjo akiwa na wiki 6 mpaka 8, anarudia kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16, na ya kichaa cha mbwa kwa kawaida anapata akifika miezi 3 halafu anarudia kwa ratiba ya daktari, huku kwetu ni kila mwaka. Mtauliza, sasa kama chanjo inaisha wiki ya 16 na akili inafunga wiki ya 14 tunafanyaje, tumtoe au tusimtoe? Mnamtoa ila hamumtui chini. Kirusi cha parvo, ule ugonjwa wa kuhara na kutapika wa watoto wa mbwa, kinakaa kwenye udongo miezi na miezi, pale mbwa wa mtaani alipojisaidia panaweza kuua mtoto wako wa mbwa hata kama hapaonekani kitu. Kwa hiyo mbebe. Mkono wako, kikapu cha soko, beseni kwenye bajaji, chochote. Kaa naye kwenye benchi la kijiwe cha bodaboda dakika 10 asikie injini. Mpeleke karibu na mashine ya kusaga, akae mbali kidogo, akizoea usogee. Aone mama aliyevaa baibui, mzee mwenye fimbo, fundi mwenye helmeti, watoto wa shule wakitoka kwa fujo zao, mtu mwenye mwamvuli, mvua ikipiga kwenye bati. Kila akiona kitu kipya anapata kipande cha dagaa. Akijikunja, akigeuza kichwa, akikataa hata dagaa, umemsogeza karibu mno, rudi nyuma, usimlazimishe eti azoee. Kumlazimisha ndo unamtengenezea woga wenyewe.

Wengine mnatabasamu mnaona huyu jamaa anabeba mbwa kwenye beseni. Haya twendeni Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine kuna shirika la APOPO, wapo Morogoro tangu mwaka 2000, wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kunusa makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Panya! Wale wale tunaowafukuza na ufagio. Na wanaanzaje? Panya mdogo akishafungua macho tu wanambeba, wanamzungusha kwa watu, kwenye magari, kwenye kelele, kwenye nyasi, azoee dunia kwanza. Halafu wanamfundisha kale kadude kanakolia klik, klik ikilia anapata kitu kitamu, ndizi au karanga, mpaka anaelewa kwamba kile alichofanya sekunde ile ndo kimemletea ndizi. Hakuna fimbo. Panya mmoja wa huko, Magawa, amezaliwa hapahapa Tanzania, alipelekwa Kambodia akanusa mabomu zaidi ya 100, mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika moja la wanyama la Uingereza. Sasa nyie niambieni, panya wa Morogoro kafundishika kwa ndizi mpaka kavishwa medali, mbwa ambaye ameishi na binadamu maelfu ya miaka unaniambia hafundishiki bila bakora?

Siyo lazima uwe na kale kadude ka klik, ulimi wako unatosha, piga ulimi au sema "safi" kwa sauti ileile kila siku, muhimu ni muda. Amekaa chini, "safi", dagaa. Ukichelewa sekunde 5 akawa ameshasimama, dagaa umelipia kusimama.

Na nyumba nzima mkubaliane maneno. Baba anasema "shuka", mama anasema "toka", kaka anapiga kelele "we!", mdogo anacheka anamkumbatia, mbwa hapo anachukua jibu la huyo wa mwisho kwa sababu ndo lina faida. Kaeni chini mchague, kaa, njoo, acha, shuka, basi. Maneno 5 yanamtosha mwaka mzima.

Choo. Hapa nitaenda haraka. Mtoto wa mbwa akiamka anakojoa, akila anakojoa, akicheza anakojoa, kwa hiyo we mtoe nyakati hizo na katikati yake kila baada ya saa moja au mbili, mahali palepale, akimaliza kule nje ndo anapewa zawadi siyo akirudi ndani. Kumsugua pua kwenye mkojo wake muache leo, hajui unamwadhibu kwa nini, anachojifunza ni kwamba kukojoa mbele yako ni hatari, kwa hiyo anaenda kukojoa nyuma ya kochi. Pasafishe kwa sabuni na siki harufu iishe, ikibaki ndo anapafanya choo.

Meno sasa. Anazaliwa hana jino, yanaota ya utoto 28, halafu kati ya miezi 4 na 6 yanang'oka yanaota ya ukubwa 42, na kipindi hicho fizi zinawasha hatari, kandambili, nyaya za chaja, mguu wa meza, vyote chakula. Mpe vya kutafuna, kamba nene yenye mafundo, kitambaa kilicholowekwa kikawekwa kwenye friza, kipande kigumu cha ngozi ya ng'ombe ambayo haijatiwa dawa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inapasuka kama vioo inachana utumbo. Akikung'ata mkono mchezoni usimpige kofi la mdomo, kofi kwake ni mchezo umekolea au ni vita, simama, geuka, mchezo umekufa. Baada ya nusu dakika rudi. Akirudia, rudia. Inachosha, sikatai, na watoto nyumbani wafundishwe hilo kabla ya mbwa maana wao wakikimbia wanapiga makelele mbwa anaona sikukuu imeanza.

Kurukia watu. Hili kwetu lina uzito wake na wafugaji tuliheshimu. Jirani yako anatoka kwake na kanzu nyeupe anaenda swala ya Ijumaa, mbwa wako anafurahi anamrukia, pua na mate yote kifuani, yule mzee inabidi arudi nyumbani akajitwaharishe na kubadili nguo na swala imemkimbia. We unasema haumi huyo, anafurahi tu. Kuuma siyo hoja mzee wangu. Mimi siyo sheikh, masuala ya twahara waulizeni wenyewe, ila hata kwenye Qur'ani, Suratul Maida aya ya 4, kuna ruhusa ya kula kilichokamatwa na wanyama wa kuwinda waliofundishwa, na hilo la kufundishwa limetajwa. Kwa hiyo hata huko mbwa aliyefundishwa na asiyefundishwa hawajawekwa kapu moja. Namna ya kulitibu ni hii, mtu akija mbwa anapata salamu miguu yote 4 ikiwa chini tu. Akiruka, mgeni anageuka ukuta, hamsemeshi, hamsukumi na mikono maana kumsukuma ni kumshika na kushikwa ndo alichokifuata. Akishuka akikaa, "safi", dagaa. Na mpaka ajue, ukitoka naye nje ya geti anakuwa kwenye kamba, hii siombi, ni ustaarabu wa kawaida.

Subirini. Mmesikia hiyo bodaboda imepita? Mwangalieni Bosi. Kainua kichwa, sikio moja limefuata mlio, halafu kaniangalia mimi. Hapohapo, "safi", na dagaa wake huyu. Huyu mbwa alipoletwa kwangu alikuwa anakimbiza pikipiki mpaka barabara kuu, madereva walishaanza kubeba mawe.

Tuseme hapo kidogo maana mtaa huu wakimbiza bodaboda ni wengi. Kwa nini haachi hata ukimpiga? Kwa sababu kila siku anashinda. Anabweka, anakimbiza, pikipiki inaondoka. Yeye hajui ilikuwa inaondoka tu na safari zake, anajua kaifukuza. Ndo hivyohivyo na yule kijana wa kusoma mita, anabwekewa, anasoma, anaondoka, mbwa anajipongeza. Kwa hiyo kwanza mnyime hayo matokeo, yaani fensi ifungwe, kamba iwepo, asipate nafasi ya kukimbiza hata mara moja, maana kila anapokimbiza anafanya mazoezi. Halafu tafuta rafiki mwenye pikipiki, asimame mbali, injini imezimwa, mbwa anaiona ila bado anaweza kula. Dagaa, dagaa, dagaa. Siku nyingine injini inanguruma mbali hukohuko. Siku nyingine inasogea polepole. Akianza kukaza mwili umeruka darasa, rudi mbali. Itakula wiki, kwa wengine miezi, na rafiki yako utamjazia mafuta, lakini mwisho pikipiki ikipita kichwa cha mbwa kinageukia mfuko wako badala ya barabara.

Sasa mbwa anayenguruma ukikaribia chakula chake. Naomba hapa mnisikilize hata nyie mlioshika simu. Mngurumo ni zawadi. Mbwa anakwambia kwa lugha yake jamani hapo mlipofika panatosha. Ukimpiga kwa kunguruma hutamuondolea hofu ya kunyang'anywa, utamuondolea onyo, siku nyingine anakaa kimya halafu anauma moja kwa moja, na nyie mnasema huyu mbwa haeleweki, kauma bila sababu. Sababu ilikuwepo, mlimfundisha asiitaje. Na kabla hata ya kunguruma kuna dalili anazitoa ambazo wengi hatuziangalii, anageuza uso, analamba pua wakati hakuna chakula, anapiga miayo wakati hana usingizi, weupe wa jicho unaonekana pembeni kama mwezi, halafu anaganda. Kuganda ndo mwisho. Mtoto kamkumbatia mbwa shingoni mnapiga picha, mbwa kafunga mdomo kaganda na weupe wa jicho uko nje, nyie mnasema oneni wanavyopendana. Nendeni nyumbani mkaangalie hizo picha zenu upya.

Kwa huyo wa chakula, usiingize mkono kwenye sahani yake kumwonyesha kwamba we ndo mwenye chakula, na watoto wasimkaribie anapokula. Unachofanya, anakula, we unapita mbali, hatua zile ambazo hata hajainua kichwa, unarusha kipande cha maini, unapitiliza. Hivyo tu. Kila siku. Baada ya muda ukionekana mbali mkia unatikisika kwa sababu kuja kwako kunaongeza badala ya kupunguza, ndo unasogea hatua moja. Na kitu alichokiiba, kandambili, soksi, usimkimbize ukamnyang'anya, badilishana naye, mpe kizuri zaidi achie. Kama ameshawahi kuuma mtu wa nyumbani usijitibie na maneno yangu ya leo, nenda kwa daktari wa mifugo kwanza maana maumivu ya sikio, jino au kiuno yanafanya mbwa mpole abadilike, na kupe wana magonjwa yao wanayoyaleta. Halafu tafuta mtu wa kutreni ambaye hakuanzii na fimbo, na mzoeshe kile kikapu cha kuvalishwa mdomoni, siyo aibu, ni bora kuliko kesi polisi.

Najua kuna mzee hapa atasema bila kumwonyesha mbwa nani mkubwa atakupanda kichwani. Hii stori ya mbwa mkubwa wa kundi ilianzia mbali, mwaka 1947 mtaalamu mmoja, Rudolph Schenkel, aliandika juu ya mbwa mwitu aliowaangalia kwenye bustani ya wanyama kule Basel, Uswisi, wanyama wamefungiwa pamoja wanagombana nani awe juu. Baadaye Mmarekani mmoja, David Mech, akaieneza kwenye kitabu chake cha mwaka 1970, halafu akaenda kuwaangalia wale walio huru kaskazini kabisa mwa Kanada akakuta kundi ni baba, mama na watoto wao tu, hakuna mapinduzi ya kila wiki, na mwaka 1999 akaandika mwenyewe kwamba ile habari ya mkubwa wa kundi haikuwa sawa. Yeye kaacha, sisi huku bado tunapiga. Na siyo busara tu, tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, kumtesa mnyama ni kosa, na huyo anayeshinda kwenye mnyororo wa mita moja juani bila maji, mwenye naye ajue hilo. Mbwa wa mnyororo kwanza ndo wanaouma zaidi watoto wanaowasogelea maana hawana pa kukimbilia, tulishalisema hilo.

Kumhasi kunasaidia dume asizurure na majike yasizae kila msimu maana jike mimba yake ni kama siku 63 tu na anaweza kushika mara 2 kwa mwaka, hesabu mwenyewe wanaishia wapi. Ila kuhasi hakutibu woga, msidanganywe.

Na akishauma? Haya ya kuuma hayana utani. Kichaa cha mbwa Shirika la Afya Duniani linakadiria kinaua watu kama 59,000 kwa mwaka, wengi Afrika na Asia, kama 40 kwa kila 100 ni watoto chini ya miaka 15, na karibu wote wamepewa na mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo mtu aking'atwa, hata kama ni mbwa wako, hata kama ni mkwaruzo, kidonda kinaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili huku unaangalia saa, siyo kumwagia tu, halafu hospitali siku hiyohiyo kwa sindano. Msipake mafuta ya taa, msipake pilipili wala majivu, msisubiri kuona mbwa atafanyaje. Dalili huchukua wiki mpaka miezi kuonekana, ndo maana watu wanajisahau wanasema mbona amepona. Mtoto naye aambiwe hatapigwa, maana watoto wengi wanaficha kwa kuogopa kuulizwa kwa nini ulienda kumchokoza mbwa wa watu. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa 70 kwa kila 100 ugonjwa unakosa pa kupita, kwa hiyo siku ya chanjo ikitangazwa, na mara nyingi inakuwa karibu na tarehe 28 Septemba ambayo ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, mlete mbwa kwenye kamba, siyo kwenye kiroba. Mkianza kumzoesha kamba leo mtaweza. Mkisubiri asubuhi ya chanjo ndo zile vurugu za kila mwaka za mtu kuburuta mbwa barabara nzima.

Mwenyekiti naona unaangalia saa. Maswali basi. Yule mama wa kitenge cha njano kaandika kwenye karatasi, mbwa wangu anakula mayai ya kuku nifanyeje, na jirani kaniambia nimpe yai la moto la kuchemsha limuunguze mdomo. Hapana mama, utamuunguza na mayai atakula maana yaliyo bandani siyo ya moto. Okota mayai mara kwa mara mchana, ziba pale anapopenya, kuku walale juu. Akiwa na wewe kwenye kamba muweke mbali na banda, kila akiliangalia banda kisha akakuangalia wewe, dagaa. Na angalia sahani yake, mbwa anayeishi kwa ukoko wa ugali peke yake anaiba kwa sababu ana njaa, muongezee dagaa au utumbo uliochemshwa tuone kama wizi utaendelea. Mwingine? Kijana wa fulana nyekundu, sema, ila simama mbali kidogo na meza, Bosi ameamka na wewe una muhogo mkononi.